Mguu wa Kushoto wa Mama

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa Bibi, mtu aliyetoka safari ya mbali hakuingia ndani mpaka miguu yake iitwe. Hata awe amechoka namna gani, hata mvua iwe inanyesha, alikalishwa kwanza barazani juu ya kigoda, akavuliwa viatu, na miguu yake ikalazwa juu ya kinu kilichogeuzwa ubavu. Bibi alileta karai la maji ya uvuguvugu yenye majani ya mchaichai, akaiosha taratibu, kuanzia nyayo kupanda magotini. Halafu aliniita mimi.

Kazi ya kuita ilikuwa yangu kwa sababu mle ndani mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, na Bibi aliamini kwamba miguu haimfanyii mtoto kiburi. Nilichuchumaa mbele ya mgeni, nikashika kisigino chake cha kulia, nikauliza, "Wa kulia, umefika?" Mgeni aliinua vidole kwanza, ndipo akajibu kwa niaba ya mguu, "Nimefika." Kisha nikahamia wa kushoto. Ilikuwa mwiko mdomo kuvitangulia vidole. Yote miwili ikishaitika, Bibi alisema, "Karibu ndani," na hapo ndipo salamu zenyewe zilipoanza, shikamoo na marahaba, habari za huko na za huku, kana kwamba mtu yule ameonekana sasa hivi.

Kijiji chetu kiko mgongoni mwa mlima, juu ya Kinole, upande ule wa Uluguru ambao mvua haiulizi majira. Siku nyingi tuliamka ukungu umeshaingia mpaka jikoni, na migomba iliyokuwa jirani na mlango ilionekana nusu, majani bila mashina. Labda ndiyo maana kila ninachokikumbuka cha wakati ule nakikumbuka hivyo hivyo, nusu. Namkumbuka Bibi anapanda kutoka mtoni, kwanza ndoo, halafu kilemba, halafu uso, na sauti yake imefika kabla ya vyote, inanitania, "Mke mwenzangu, mpaka saa hizi umelala? Mume wetu atakula nini?" Mume wetu, yaani Babu, alikuwa amekwisha kufariki kabla sijazaliwa, lakini utani haukufa naye.

Kule kwetu watu walitembea. Shamba lilikuwa juu, maji yalikuwa chini, soko lilikuwa chini zaidi, na miguu ilijua kazi yake. Gari Bibi hakulikataa, ila hakuliamini. "Gari ni kiti kinachokimbia," alisema. "Wewe umekaa, kiti ndicho kinachosafiri. Sasa miguu itajuaje kwamba mmeondoka?" Kwa maelezo yake, miguu iliyokosa kazi hulala, na kinacholala njiani huachwa njiani. Mtu anateremka garini na miguu yake ya nyama, lakini mwenyewe, yaani ule uhai wa miguu, bado umekaa Gairo au Dodoma unajiuliza nyumbani ni wapi. Ndiyo maana wasafiri huvimba vifundo. Nyumba ikikosa mwenyewe, alisema, mlango wake huvimba masika ukagoma kufunga, na mguu nao ni vivyo hivyo.

Niseme mapema kwamba Bibi alikosea mengi. Alituambia tukipiga mluzi ndani tunaita nyoka, na tulipiga sana mluzi asipokuwepo, nyoka hakuja hata mmoja. Alisema anayekula fenesi akiwa amesimama hatapata mume. Mimi nimekula mafenesi mengi nimesimama, na mume ninaye, na ana kelele. Kwa hiyo simsimulii Bibi kama mtu aliyejua yote. Namsimulia kwa sababu ya jambo moja.

Lakini kwanza ndoto moja. Nilikuwa na desturi ya kuiota miguu ile iliyoachwa. Niliiona imekaa kando ya barabara kuu, mingi, imepangana kimya kama watu wanaosubiri mvua iishe, mingine na vumbi la Singida, mingine na matope ya Turiani, inatazama magari yakipita. Haikuwa ndoto ya kutisha. Ilikuwa na huzuni fulani tulivu, na nilipoamka nilitaka kuteremka mlima niende kuiambia kila mmoja njia ya kwao.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa kule Bukoba. Mvua za vuli zilipoanza mwaka ule, Mama alimfuata, mimi nikabaki na Bibi kwa ajili ya shule. Siku ya kuondoka kwake tulimsindikiza mpaka barabarani, na Bibi akamshika mkono akamwambia maneno ambayo nimekuja kuyajua kwa moyo.

"Hadija, usiiache ilale yote miwili. Gari likisimama, shuka ukanyage udongo. Ukishindwa kushuka, izungushe, isemeshe. Na maji unywe. Mguu mkavu haujui njia."

Mama alicheka. "Mama, nikianza kuisemesha miguu kwenye basi wataniona mwendawazimu."

"Afadhali wakuone," Bibi akasema, na akamwachia mkono.

Kule Bukoba Mama akajifungua mdogo wangu Shabani. Arobaini ilipotimia akapata hamu ya kumleta mtoto aonwe na bibi yake. Habari ilitufikia kwa simu ya Mjomba Kibwana, kaka yake Mama, simu ambayo ilishika mtandao juu ya jiwe moja tu pale kijijini. Mjomba alisimama juu ya jiwe lile akipiga kelele, "Lini? Lini?" na mimi nilikuwa chini yake nimeshika suruali yake. Nilikuwa sijamwona Mama karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake, na jambo hilo nilimficha kila mtu.

Alifika alasiri, ukungu umefunguka kidogo. Mjomba alitangulia na begi kichwani, Mama nyuma na mtoto mgongoni, anapanda polepole, anasimama, anapanda tena. Nilikimbia. Nilipobakiza kidogo nimrukie, sauti ya Bibi ikanifuata, ikiniita kwa jina, "Tatu! Asiguswe! Miguu kwanza!" Nikasimama mbele ya mama yangu mikono imening'inia. Yeye naye alisimama, akanitazama kwa macho mekundu ya safari, akatabasamu. Uso wenyewe ulikuwa ule ule, na nilishangaa ningewezaje kuusahau.

Akakaa kwenye kigoda. Bibi alimpokea mtoto, akampa Mjomba, akaanza kuosha. Mama akasimulia safari, akajisifu kidogo, kama wafanyavyo wanawake waliofika salama na mtoto mchanga. Basi lilikuwa limejaa. Shabani alisumbua mwanzoni, lakini tangu Kahama alilala mapajani mwake, naye Mama hakuthubutu kujitikisa asije akamwamsha. Basi liliposimama ili watu wapate kula na kujisaidia, yeye hakushuka. Maji hakunywa, maana ukinywa maji utataka choo, na mtoto utamwachia nani?

"Hukushuka kabisa?" Bibi akauliza. Mkono wake ulikuwa umesimama ndani ya karai.

"Nilishuka Msamvu, Mama. Si ndipo nilipofika?"

Nikashika kisigino cha kulia. Wa kulia, umefika? Vidole vikainuka, Mama akajibu, "Nimefika." Nikashika cha kushoto. Kilikuwa na joto. Wa kushoto, umefika? Na Mama, kwa uchovu, kwa hamu, kwa mapenzi, akaniinamia kabla ya yote, akanivuta kifuani, akasema, "Umefika, mwanangu, umefika, njoo hapa." Nikazama kwenye harufu yake ya maziwa na vumbi. Sikuona kitu kingine chochote.

"Vidole havikuinuka," Bibi akasema.

"Vimeinuka, Mama. Macho yako hayo."

Mjomba akacheka, nami nikacheka ndani ya kitenge cha Mama. Bibi hakusema "Karibu ndani." Mama aliinuka mwenyewe akaingia, akiburuta kidogo.

Asubuhi yake mguu wa kushoto ulikuwa umejaa kuanzia kifundo mpaka juu ya goti. Wa kulia ulikuwa kama jana. Ngozi ya ule wa kushoto ilivutika ikang'aa, na shavu la mguu likiguswa Mama aliuma khanga. Hakuweza kuukanyagia. Alilala kitandani na Shabani ananyonya, anasema ni uchovu tu, utaisha.

Kwetu dawa ya mguu wa msafiri inajulikana, nayo ni kukandwa. Na hasa mzazi, maana mwili wa mzazi ni wa kukandwa hata kama hajasafiri. Jirani yetu Bi Chausiku alikuwa ndiye mikono ya kijiji. Alikuwa amewakanda mama zetu, ametukanda sisi, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ya mtu anayekamua tui. Kabla jua halijatoka vizuri alikuwa ameshafika na chupa yake ya mafuta ya nyonyo, amekunja mikono ya gauni, ameagiza maji ya moto.

Bibi akakaa kitandani, miguuni pa Mama, akaufunika ule mguu kwa khanga yake mwenyewe.

"Huu haukandwi," akasema.

Bi Chausiku alidhani ni mzaha. "Haukandwi kwa nini, dada? Si umevimba?"

"Ikivimba yote miwili ni uchovu, kanda. Ukivimba mmoja peke yake, mwenyewe hayumo. Utamkanda nani? Ukipiga kelele kwenye nyumba tupu, anayekuja ni mgeni."

Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya imani, ila mimi nilikuwa sijawahi kuisikia, na nadhani wengi pale walikuwa wameshaisahau. Bi Chausiku aliona amevunjiwa heshima. Alisema mikono yake haijawahi kuharibu mguu wa mtu. Alisema binti analia maumivu na mama yake anamwekea hadithi. Wakamgeukia Mjomba, kwa sababu kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake na juu ya dada mwenyewe. Mjomba akakuna kichwa. Akasema, "Mama, mwache Bi Chausiku amkande kidogo tu. Asipopata nafuu, tutaona."

"Atakayeukanda aanze kunikanda mimi," Bibi akasema, na hakuondoka pale.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Namwona mama yangu, jasho limemtoka, anawatazama wote wanaomgombania mguu. Naye ndiye aliyeamua. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nilikudanganya. Vidole havikuinuka."

Bi Chausiku akaziba chupa yake.

Mguu ulioachwa hufuatwa. Ndivyo Bibi alivyosema, na alisema kama mtu anayetaja kwamba jua huchomoza. Mgonjwa hapandishwi mlima zaidi, wala halazwi akasubiri. Anateremshwa kwa njia ile ile aliyojia, mpaka mahali miguu yake ilipogusa ardhi mara ya kwanza, na njia nzima mtoto anaita. Mahali penyewe palikuwa Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro mjini. Mjomba hakuamini hata neno moja. Lakini aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kubishana na Bibi kulichosha kuliko kubeba kitanda.

Wakambeba kwenye kitanda cha kamba, vijana wa jirani na Mjomba, miti miwili mabegani. Bi Chausiku, aliyenuna, alikuja vile vile, akambeba Shabani. Bibi alitembea kando ameshika ukingo wa kitanda. Mimi nilitangulia.

Asubuhi nyingine kama ile sijawahi kuiona. Ukungu ulikuwa mzito, mweupe, na njia ilifunguka mbele yangu kipande kwa kipande na kujifunga nyuma. Nilisikia pumzi za wabebaji, nilisikia maji chini bondeni, sikuwaona. Harufu ya pilipili manga iliyoanikwa ilitoka kwenye nyumba nisizoziona. Kila kona, kila kijito, niliita kama nilivyofundishwa: "Wa kushoto wa Mama! Njoo! Tuko huku!" Na mlima, kwa tabia yake, ulinirudishia maneno yangu kwa sauti ya mtu mwingine. Watu walitokea kando ya njia, wanawake na majembe, wazee na kofia zao, wanauliza nini, wakiambiwa wanasema pole na kupisha. Mzee mmoja alivua kofia akaita naye mara moja, kwa sauti nzito, kisha akaendelea na safari yake. Sikuogopa. Niliamini kabisa kwamba mguu unanisikia, umesimama mahali fulani chini kule, umeinua kichwa chake ambacho miguu haina, unasikiliza.

Barabarani tulipata lori la ndizi linalokwenda mjini. Mama alilazwa juu ya mikungu, kichwa mapajani mwa Bibi. Dereva alikuwa mtu mpole, alikwepa mashimo kadiri ya uwezo wake. Tukapita Kiroka. Ukungu ulibaki juu, jua likawa kali, na nilipogeuka kutazama kwetu niliona wingu tu.

Tulipokaribia Bigwa, Mama akasema, "Kifua kinanibana."

Alisema taratibu tu. Lakini pumzi zake zilikuwa fupi, moja juu ya nyingine, na alikuwa ameushika mkono wa Bibi kwa nguvu iliyomshtua hata Mjomba. Mjomba akasema, "Mama, twende hospitali. Stendi baadaye." Nikamtazama Bibi. Maisha yangu yote ya utoto sikuwahi kumwona akibadilisha neno lake. Mguu ulikuwa Msamvu. Alikuwa amesema hivyo, na ameteremsha mlima mzima kwa neno hilo.

Akapiga paa la lori kwa kiganja. "Dereva! Hospitali!"

"Na mguu, Bibi?" nikauliza. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Ita hapo hapo ulipo," akasema. Sauti yake ilitetemeka, na ndiyo mara pekee niliyowahi kuisikia ikitetemeka. "Ita sana, mjukuu wangu. Mguu utasikia. Utatufuata."

Nikasimama juu ya mikungu ya ndizi, nimeshika bomba la lori, nikaita. Niliita tangu Bigwa mpaka mjini, katikati ya pikipiki na wauza maji, mbele ya watu waliokuwa wakiteremka na mizigo yao, na sijui walinionaje. Wapiga debe wa njiani walidhani natafuta abiria wakaniitikia kwa mzaha, "Yupo huku! Yupo huku!" Na mimi, Mungu ananijua, niliwaamini. Nilifurahi. Nilimwambia Mama, "Wamesema yupo."

Hospitalini walimwingiza haraka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, amefunga mtandio mweupe, anauliza maswali huku mikono inafanya kazi. Kajifungua lini? Amesafiri? Alikaa muda gani bila kuinuka? Halafu akauliza, "Mguu mmeukanda? Mmeuchua?"

"Hatukuukanda," Mjomba akajibu.

"Hata kidogo?"

Wote tukamtazama Bibi. Bibi akajikusanya ndani ya khanga yake. "Mwenyewe hayumo," akasema. "Utamkanda nani?"

Daktari alisimama kidogo. Alizaliwa wapi sijui, labda kwao nako kulikuwa na bibi. Akasema, "Mmefanya vizuri, Bibi. Sasa tuachieni, tumtafute mwenyewe."

Baadaye alitoka akatueleza, na alitueleza wote, hata mimi. Mtu akikaa muda mrefu bila kuutumia mguu, damu ya kule chini inakosa wa kuisukuma kurudi juu, kwa sababu wa kuisukuma ni hiyo hiyo misuli ya shavu la mguu. Ikitulia mno inaweza kuganda ndani ya mshipa. Mwanamke aliyetoka kujifungua yuko hatarini zaidi, na asiyekunywa maji pia. Bonge lile likikatika kipande, linapanda mpaka kwenye mapafu, na kipande kidogo kilikuwa tayari kimepanda. Mtu akiukanda mguu wa namna hiyo anaweza kulisukuma bonge zima.

Bi Chausiku akakaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido, na Shabani mikononi. Bibi alimwekea mkono begani, na ugomvi wao uliishia hapo.

"Kwa hiyo damu ililala," Bibi akasema.

"Iliganda, Bibi."

"Kwa kukaa bila kazi."

"Ndiyo."

"Ililala."

Daktari akatabasamu kwa uchovu. "Haya, Bibi. Unaweza kusema ililala."

Bibi akanigeukia. "Umesikia, mke mwenzangu? Daktari amesema ililala."

Mama alikaa hospitali siku nyingi. Alichomwa sindano za tumboni, akapewa vidonge ambavyo alivimeza kwa miezi, na soksi ndefu za kubana ambazo Bibi aliziita ngozi ya nyoka. Kila jioni nilipopelekwa kumwona, nilikwenda moja kwa moja miguuni pake. Wa kulia uliitika kila siku. Wa kushoto, kila nilipouuliza, Mama alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Bado." Hakunidanganya tena. Na siku moja, jua la jioni limeingia dirishani likafika mpaka kwenye shuka, nilishika kisigino nikaona vidole vinainuka, vyote, kidole gumba cha mwisho, polepole kama mtu anayeamka. Mama akasema, "Nimefika." Bibi, aliyekuwa kwenye benchi na ugoro wake, akasema, "Karibu ndani." Nesi mmoja alitutazama kwa mshangao, maana wote watatu tulikuwa tunalia.

Siku hizi naishi Mwanza. Mabasi ni mazuri kuliko yale, yana viti vya kulaza, na kuanzia Dodoma naweza kuchukua treni ya umeme mpaka Morogoro, kiti kinachokimbia kuliko vyote ambavyo Bibi angeweza kuvifikiria. Nimesoma kiasi, najua mshipa ni nini na bonge la damu ni nini. Hata hivyo basi likisimama Nzega au Singida, mimi ndiye wa kwanza kushuka. Natembea kando ya barabara, nanyanyuka kwa vidole na kushuka. Nakunywa maji, choo nitakitafuta. Basi likiwa linaenda nazungusha vifundo chini ya kiti, naikunja miguu na kuikunjua, sikai nimepandanisha magoti. Na nasema nayo kimoyomoyo. Mara nyingine midomo inanitoroka, na abiria wa pembeni huhamisha begi lake taratibu.

Nimejiuliza mara nyingi Bibi alijua nini. Nadhani hakujua chochote kuhusu damu. Nadhani zamani, mtu fulani mlimani kwetu aliukanda mguu mmoja uliovimba, mgonjwa akafa mikononi mwake, na watu wakaufunga msiba ule ndani ya hadithi ili usipotee. Hiyo ni hesabu yangu ya mtu mzima, na inaniridhisha mchana. Lakini kuna jambo jingine, na hilo sikuliona mpaka Bibi mwenyewe alipoondoka.

Alifariki mimi nikiwa Mwanza. Kwa desturi yetu maiti haisubiri, na nilipofika alikuwa ameshalala kaburini, chini ya migomba yake. Nilipanda mlima ule katika ukungu, na barazani nikakuta kigoda kimewekwa, kinu kimegeuzwa ubavu. Mama ndiye aliyekuwa ameshika karai. Mguu wake wa kushoto mpaka leo ni mnene kidogo kuliko wa kulia. Akaniosha, na maji yalinukia mchaichai. Halafu akamwita mtoto wa Shabani, kibinti kinachoanza kusema vizuri, na kikachuchumaa mbele yangu.

"Wa kulia, umefika?"

Vidole vikainuka. "Nimefika."

"Wa kushoto, umefika?"

Mguu wangu ulikuwa mzima. Nilikuwa nimeutunza njia nzima, ningeweza kuinua vidole bila shida yoyote. Lakini nilitazama mlango wa nyumba ile, nikafahamu kwamba sauti iliyosema "Karibu ndani" haimo tena. Nikafahamu pia ni kitu gani tulichokuwa tukipewa miaka yote ile pale barazani: mtu alikaa chini miguuni pako, akakuuliza kama kweli umefika, na akasubiri jibu lenyewe, asitake la adabu.

"Bado," nikasema.

Mtoto akamtazama Mama, bibi yake, hajui afanye nini. Mama hakunihimiza. Aliongeza maji ya moto kwenye karai, akakaa kando yangu kwenye ukingo wa baraza, akaunyoosha mguu wake wa kushoto karibu na wangu. Tukasubiri.